Kumpeleka mzee mwenye demenshia uwanjani: mwongozo kamili, kuanzia mlango wa kutokea

Nikisema nampeleka baba mpirani watu wananiangalia kama mimi ndio nimechanganyikiwa. Mzee ana miaka themanini na ushee, anasahau kama amekula, halafu unampeleka kwenye makelele? Ndiyo, nampeleka. Sio kila wiki na sio kila mechi, ila nampeleka, na baada ya miaka mitatu ya kukosea na kujirekebisha nimeona niandike yote hapa maana ndugu na majirani wananiuliza mno.

Tuelewane kwanza. Demenshia sio uzee wa kawaida na sio kurogwa, tafadhali sana, kuna bibi na babu wamepata shida kubwa mitaani kwa sababu ya hayo maneno. Ni magonjwa yanayoharibu ubongo taratibu, Alzheimer ndio inaongoza (kama asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa), nyingine inaletwa na mishipa ya damu kichwani, hasa kwa wenye presha na waliowahi kupata kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi nayo, wengi wao kwenye nchi za kipato kidogo na cha kati kama zetu. Na hapa hapa Tanzania watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai kule Kilimanjaro wakakuta kama watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Kwa hiyo usidhani ni mzee wako peke yake.

Sasa kwa nini mpira? Kwa sababu ugonjwa unaanza kula kumbukumbu za karibuni, za ujana unaziacha mpaka mwisho mwisho. Baba hajui leo ni Jumanne au Ijumaa, ila anajua 1977 Simba ilimtandika Yanga 6-0 na mchezaji wake Kibadeni akafunga 3, anakuonyesha kwa mkono krosi ilitokea upande gani. Simba yenyewe haiiti Simba, anaiita Sunderland, jina lililobadilishwa 1971. Mtu wa namna hiyo ukimfungia sebuleni kwa sababu "atachoka" umemnyima sehemu ambayo bado yuko mzima.

Sharti ni moja: anza kupanga kutoka, ndio upange kuingia. Mimi nilianza na tiketi na jezi, nikajuta.

Hatua ya 1: Jua utatokaje

Kabla hujanunua chochote jibu haya. Akisema dakika ya 20 "nataka nyumbani", mnapita wapi? Ngazi ngapi? Gari liko wapi na dereva ni nani? Ukishindwa kujibu moja, hiyo mechi iache.

Tafuta bajaji au teksi ya mtu unayemjua, akae karibu na uwanja kipindi chote, mlipe huo muda wake, gari liwe limegeuzwa tayari linaangalia njia ya kutokea. Ni hela ndio, ila jaribu kusimama barabarani pale Chang'ombe mechi imeisha na mzee amekushika mkono anatetemeka unahangaika na simu kutafuta usafiri wakati kila mtu anatafuta usafiri, utaniambia.

Halafu amua mapema: mnatoka kabla ya watu au baada ya watu? Katikati ya watu haipo. Mimi natoka dakika ya 75. Wenzangu wengine wanabaki vitini nusu saa baada ya filimbi mpaka uwanja umwagike wote, hiyo nayo nzuri kama mzee ametulia. Na kichwani kwako kubali kabisa kwamba mkikaa dakika 30 tu mkaondoka, safari imefanikiwa. Hujaenda kuangalia mpira wewe siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua mechi, na hapa usidanganyike

Sio dabi, yaani Simba na Yanga. Najua ndio anayoikumbuka, najua anaitaja kila siku, ila watu 60,000 Kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa) na vuvuzela na getini watu wanasukumana, hapana. Chukua mechi ya kawaida dhidi ya timu ya mkoani, majukwaa yako nusu tupu, unakaa unapotaka. Viwanja vidogo ndio vizuri zaidi, Azam Complex kule Chamazi au KMC pale Mwenge, kutoka getini mpaka kwenye kiti sio safari.

Muda nao. Wagonjwa wengi wanavurugika jua likianza kuzama, mtu aliyekuwa ametulia mchana ikifika saa kumi na mbili anaanza kutangatanga, anauliza mama yake yuko wapi. Kwa hiyo mechi za saa moja usiku mimi sizigusi. Saa nane ina jua kali, saa kumi inafaa kama nyumbani sio mbali na mnatoka mapema. Ila mjue wa kwako, kuna wazee jioni ndio wanachangamka, andika wiki moja kwenye daftari saa gani yuko vizuri na saa gani anasumbuka, ndio uangalie ratiba ya ligi.

Tiketi usikimbilie bei. Mzunguko (majukwaa ya bei ya chini) ni rahisi ila ndiko kwenye ngoma na kusimama. Ongeza kidogo ukae sehemu yenye kivuli na viti vya maana. Chagua kiti cha pembeni mwa njia, safu za chini au zile zilizo usawa wa mlango, ili msipande ngazi nyingi na mkitaka kutoka msiwanyanyue watu kumi. Kama hujawahi kufika huo uwanja nenda siku moja kabla peke yako, pita njia yote, ingia na chooni, hesabu ngazi. Mimi huwa napiga picha ya mlango tutakaoingilia halafu asubuhi ya mechi namwonyesha baba, "tunaenda hapa".

Hatua ya 3: Watu wawili kwa mzee mmoja

Hili sikulijua mwanzo. Mmoja akienda kununua maji mwingine anabaki, hakuna dakika ambayo mzee yuko peke yake.

Na kwa mabinti wenzangu tunaolea baba zetu, tuongee ukweli: choo. Wewe huingii choo cha wanaume, yeye humwingizi cha wanawake bila zogo. Ukiwa na kaka, mpwa, hata kijana wa jirani anayeaminika, mbebe. Kama hakuna, uliza getini choo cha watu wenye ulemavu kiko wapi, kile cha mlango mmoja mnaingia wote wawili, na uulize kama kimefungwa na funguo anazo nani, maana mara nyingi kimefungwa na mwenye funguo "katoka kidogo".

Nimejifunza kwa machungu. Uwanja mmoja, siutaji, mapumziko nilimwacha baba aingie chooni peke yake, nikasimama mlangoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba kile choo kina milango miwili. Nimesimama dakika tano, kumi, namwomba kijana mmoja aniangalizie ndani, anatoka anasema dada humu hakuna mzee. Niliomba watangaze kwenye spika nikaambiwa mpaka kiongozi aje. Dakika ishirini nzima, nazunguka nauliza mmeona mzee kavaa jezi nyekundu, na uwanja mzima umevaa jezi nyekundu! Nilimkuta nje ya geti kakalishwa kwenye ndoo ya mama muuza karanga, anakula karanga. Yule mama alimwambia shikamoo, akaona anaitikia vizuri ila hajui anakoenda, akamwambia baba kaa hapa wanao wanakuja. Mungu ambariki.

Hatua ya 4: Avaeje, abebe nini

Kutokana na hayo: jezi avae, ni haki yake, ila kichwani mvalishe kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Baba anavaa baraghashia nyeupe, katikati ya jezi nyekundu unaiona kutoka mbali. Mkifika getini mpige picha mbili, mbele na nyuma, na nguo za siku hiyo. Mtu akipotea huwa unasahau hata rangi ya suruali.

Mfukoni na shingoni chini ya shati, kikaratasi chenye jina analoitikia na namba mbili za simu. Anuani ya nyumbani usiweke, sio kila atakayeokota ni mwema. Namba ziwe za watu mliopo nae pale, sio ya dada aliyeko Mwanza.

Begi dogo: maji, dawa zake za muda huo, tishu, suruali ya kubadilisha, pampasi kama anatumia, biskuti au ndizi, sweta, miwani. Kama anatumia kifaa cha kusikilizia hakikisha betri ni nzima. Viwanja vingine wanakataza kuingia na chupa, uliza mapema, ukiwaeleza ni mgonjwa wengi wanaelewa. Dawa za kukojoza za presha usiziruke kwa akili yako eti asiende chooni, mwulize daktari wake kama saa inaweza kusogezwa. Na kama ndani ya siku mbili tatu amebadilika ghafla, amechanganyikiwa kuliko kawaida yake au analala tu, sio siku ya mpira hiyo, mpeleke hospitali, mara nyingi ni malaria, UTI au maji yamepungua mwilini.

Hatua ya 5: Asubuhi ya siku yenyewe

Usimwambie wiki nzima kabla. Utaulizwa "tunaondoka lini" mara mia mbili na hatalala. Mwambie asubuhi, baada ya chai. Mlishe vizuri, apumzike kidogo, choo kabla ya kutoka hata kama hajisikii.

Mimi huwa naweka redio na jezi kitandani, sisemi kitu, anaiona mwenyewe. Mara ya kwanza aliishika akainusa akauliza "Sunderland wanacheza na nani?" Nikajibu Coastal Union. Nilitaka kusema siku hizi ni Simba baba, nikajizuia. Ya nini? Kumsahihisha mtu mwenye demenshia hakumrudishii kumbukumbu, kunamwonyesha tu kwamba amekosea, na anajisikia vibaya bila kujua kwa nini. Akiuliza Kibadeni yuko wapi leo, usimwambie baba Kibadeni alishastaafu zamani, sema "hivi Kibadeni alikuwa mkali eeh?" na hapo umempa dakika kumi za furaha. Ila mechi za maumivu usizichokoze, baba ukimtajia fainali ya Kombe la CAF 1993, ile Simba ilipigwa 2-0 na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar, analia kama imechezwa jana.

Hatua ya 6: Getini

Fikeni saa moja na nusu kabla ya mechi kuanza, watu bado wachache. Mashine za tiketi na kupekuliwa ndio vinaogopesha kuliko yote, mtu mzima asiyemjua anamshika mfukoni, yeye anaona anaibiwa, anaweza kurusha mkono. Tangulia wewe, mwambie stewadi (msimamizi wa uwanjani) au askari kwa sauti ya chini pembeni: "Kaka, huyu ni baba yangu, ana ugonjwa wa kusahau, naomba umwambie unachofanya kabla hujamgusa, na mimi nisimame hapa hapa." Usiseme mbele yake "huyu mgonjwa". Anasikia.

Na kama wewe ndiye stewadi unasoma hii, nikupe dawa moja ya bure: anza na shikamoo. Mwangalie usoni, "shikamoo mzee", subiri. Baba yangu siku ambazo hata jina langu limempotea, marahaba inatoka yenyewe, na akishaitikia mabega yanashuka, ameshakuona wewe ni mtoto wa watu sio mwizi. Baada ya hapo sentensi fupi moja moja. "Naangalia mfuko." Subiri. "Asante mzee, pita huku."

Kitu kingine cha wazee wa Dar: baba mara ya kwanza kufika Kwa Mkapa aligoma kuingia. "Hapa sio Taifa." Na yuko sahihi! Taifa ya kwake ni ile ya zamani, Uhuru, Shamba la Bibi, huu mkubwa umefunguliwa 2007. Bahati nzuri viko jirani, tukarudi tukasimama nje ya Uhuru, akagusa ukuta, akasema alikaa upande ule, tukakaa robo saa, ndio akakubali kwenda "kwa jirani". Ukipanga, weka muda wa vitu kama hivyo.

Hatua ya 7: Mkishakaa

Kaa upande wa sikio lake zima. Mkao wenu uwe mbali na kikundi cha ngoma na spika. Vizibo vya masikio au hedifoni vinasaidia sana lakini mzoeshe nyumbani, usimvalishe ghafla goli limeingia. Mara nyingi goli lenyewe ndio hatari, watu elfu wanaruka kwa pamoja na yeye hajui kimetokea nini, hapo mshike mkono umwambie "goli baba, la kwetu", hata kama ni la wapinzani, nisamehewe.

Usimtangazie mechi yote wala usimhoji "unamwona namba kumi?" Ukimya hauna shida. Kama anaangalia majani tu na watoto wa kuokota mipira basi hiyo ndio mechi yake. Dalili za kuchoka unazijua wewe: baba anaanza kukunja kunja ncha ya shati. Nikiona hivyo mara tatu tunanyanyuka, sisubiri aseme.

Kwenda chooni msisubiri mapumziko, nendeni dakika ya 35 kuna nafasi. Angalia sakafu: zulia au mkeka mweusi mlangoni, kwake unaweza kuonekana shimo, sakafu inayong'aa inaonekana ina maji, ndio maana anagoma kukanyaga, sio ukaidi. Kanyaga wewe kwanza, mpe mkono. Kioo kikubwa nacho kinaweza kumtisha, anaona mzee mwingine anamkodolea macho.

Hatua ya 8: Kurudi, na usiku wake

Mkifika nyumbani chakula chepesi, taa ziwe zinawaka vizuri, hakuna wageni. Usimwulize "unakumbuka tulienda wapi?" huo ni mtihani na atafeli. Mwonyeshe picha useme wewe: "leo tumeenda mpirani, ulicheka sana." Matokeo atayasahau kabla hamjafika Tazara, ila baba akitoka mpirani usiku ule analala, na kesho yake anaimba imba bila kujua sababu. Kwangu inatosha.

Kama uwanjani haiwezekani

Miguu imekataa, au alishawahi kupata hofu kubwa? Kuna mechi za maveterani Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya mtaa, watu wazima wenye vitambi wanakimbizana, hakuna geti, hakuna ngoma, unaweka kiti chini ya mwembe. Kiukweli naona hii ndio bora kuliko ligi yenyewe. Ndondo (mashindano ya mtaani) pia, ila nenda zile za mwanzo sio fainali. Au redio, kizazi hiki mpira walikuwa wanausikia kuliko kuuona, zima TV uone.

Wenye viwanja, matawi na timu

Haya hayahitaji bajeti ya kujenga. Bandika alama za choo na mlango wa kutokea zenye picha na maandishi makubwa, kimo cha macho, na ziwepo pia ndani ya choo kuonyesha njia ya kurudi, maana kupotea ni wakati wa kutoka. Pakeni rangi ya njano kwenye ncha za ngazi. Ondoeni mikeka myeusi. Chumba kimoja tu chenye feni na viti, mlango unafungika, kiwe cha mtu kutulia. Awepo mlinzi wa choo chenye milango miwili, kisa nimeshasema. Msindikizaji aingie bure au nusu bei, kwa sababu bila yeye na yule mwingine haji, mmepoteza tiketi zote mbili. Kuwe na mtu mmoja kila geti mwenye ruhusa ya kutangaza aliyepotea papo hapo bila kusubiri kiongozi, na tangazo liseme "familia ya mzee fulani fikeni geti namba fulani", sio "kuna mzee kachanganyikiwa". Mastewadi wapewe saa moja ya mafunzo kabla ya msimu, aje muuguzi na aje mtoto anayelea mzazi.

Na matawi ya mashabiki, nyie ndio mna hazina. Scotland kuna mpango wa kumbukumbu za mpira, makumbusho yao ya soka na shirika la Alzheimer la huko wanakutanisha wazee wenye demenshia na picha za mechi za zamani, wanakaa wanapiga stori. Sisi tuna kahawa na kashata, tuna mabenchi, picha za zamani zimejaa ukutani, na klabu zipo tangu zamani, Yanga 1935 na Simba 1936. Jumapili moja kwa mwezi, wazee wa Jangwani (Yanga) na wa Msimbazi (Simba) wakae pamoja watukanane kidogo kama zamani. Mwaka jana nilijaribu tawini kwetu, tulipata wazee wanne na wajukuu wao. Baba alikaa jirani na mzee wa Yanga ambaye siku hizi haongei kabisa. Baba akamwambia "sita". Yule mzee akanyamaza muda mrefu, akaweka kikombe chini, akasema "tokeni hapa".